Ndara na Hesabu ya Kilicho Bora

Wasafiri wa karne ya 19 waliotoka pwani kwenda bara waliuita Ndara mlima ambao leo wengi wanaujua kwa jina la Sagalla, kusini mwa mji wa Voi, Kenya. Chini ya mlima huo, karibu na mpaka wa Mbuga ya Tsavo Mashariki, yapo mashamba yaliyozungushiwa mizinga ya nyuki. Mizinga hiyo inaning'inia kila baada ya mita 10, mmoja una nyuki na unaofuata ni wa kuigiza, ubao tu uliokatwa kwa umbo la mzinga, na yote imeunganishwa kwa waya mmoja. Ndovu akijaribu kupenya anagusa waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka kwa hasira, naye anarudi alikotoka. Mbinu hii ilifanyiwa utafiti na Lucy King pamoja na shirika la Save the Elephants, na matokeo ya Sagalla yanajulikana: katika misimu ya kilimo kati ya 2014 na 2020, uzio wa mizinga uliwarudisha hadi asilimia 86 ya ndovu waliosogelea mashamba. Nyuki wanafanya kazi, hilo halina ubishi mkubwa tena. Swali ambalo matokeo hayo hayajibu ni hili: mizinga ikiwa michache na mashamba yakiwa mengi, itundikwe wapi?

Tuseme kijiji kina mashamba 60 na fedha zipo za kuzungushia mashamba 20 tu. Njia za kuchagua mashamba 20 kati ya 60 zinazidi trilioni 4,191. Kompyuta inayokagua njia milioni moja kila sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 130 kuzimaliza zote, na hapo hatujauliza kila uzio uwe na umbo gani, majirani gani waungane, wala mizinga ihamishwe lini ukame unapoingia. Hilo ndilo tatizo la uboreshaji: kuna uamuzi mwingi unaofungamana, kuna kitu tunachotaka kiwe kikubwa au kidogo iwezekanavyo, na kuna masharti yasiyoweza kuvunjwa. Wanaotafuta matatizo ya kuvutia ya kupelekea algoriti za uboreshaji huanzia kwenye mifano ya vitabuni, kama ule wa mchuuzi anayetaka kuzunguka miji yote kwa njia fupi kabisa. Ni mfano mzuri wa kujifunzia. Lakini mchuuzi wa kitabuni hagombani na mtu kuhusu maana ya neno "fupi". Huku Ndara, neno "bora" lenyewe ndilo lenye ugomvi, na kwa maoni yangu hapo ndipo tatizo linapoanza kustahili jina la kuvutia.

Kwanza tuone algoriti hizi zinafanya nini. Mtu aliyepotea ndani ya ukungu wa milima ya Taita akitaka kufika Vuria, kilele kirefu kuliko vyote huko chenye mita 2,208, anaweza kujiwekea kanuni moja tu: kila hatua iwe juu kuliko iliyotangulia. Atapanda mpaka mahali ambapo kila upande ni mteremko, aamini amefika, kumbe amesimama juu ya kilima cha jirani. Historia ya algoriti za uboreshaji ni historia ya kumwokoa mtu huyo. Mwaka 1983 Kirkpatrick, Gelatt na Vecchi walieleza mbinu iliyoigwa kutoka kwa chuma kinachopozwa polepole: mwanzoni msakaji anaruhusiwa kushuka mara kwa mara hata kama anapoteza kimo, kisha ruhusa hiyo inabanwa kadiri usakaji unavyoendelea. Kabla yao, mwaka 1975, John Holland alikuwa amechapisha kitabu cha kuiga urithi wa viumbe: majibu mengi yanashindanishwa, yaliyo mazuri yanachanganywa kama mkulima anavyochagua mbegu, na kizazi kinachofuata kinashindanishwa tena. Mwaka 2005 Dervis Karaboga akaleta mbinu iliyoiga kundi la nyuki, ambamo baadhi huchota kwenye chanzo kinachojulikana na wengine, wapelelezi, hutumwa kutafuta kipya pale cha zamani kinapokauka. Inapendeza kufikiri kwamba hesabu iliyojifunza kwa nyuki inaweza kupanga mahali pa kuweka nyuki wenyewe. Hata mifumo ya akili mnemba inayozungumzwa sana leo inafunzwa kwa kushuka mteremko wa makosa hatua kwa hatua, wazo alilolichapisha Mfaransa Cauchy mwaka 1847.

Kuna vijana wengi wa kompyuta wanaotumia miezi kushindanisha mbinu hizi ili kujua ipi ni bingwa. Sidhani hapo ndipo penye utamu. Mwaka 1997 Wolpert na Macready walithibitisha kihisabati kwamba ukichukua wastani wa matatizo yote yanayowezekana, hakuna algoriti ya usakaji inayoipita nyingine. Mbinu hushinda pale tu inapolingana na umbo la tatizo lililo mbele yake. Maana yake kwa mtu wa Voi au wa Nairobi ni kwamba uhodari mkubwa uko kabla ya kompyuta kuwashwa, katika kulielewa tatizo na kuliandika. Na sehemu nzito kuliko zote ya kuliandika ni kutaja lengo. Mashine itasaka chochote itakachoagizwa, kwa bidii isiyochoka, na haitauliza kama agizo lilikuwa la haki.

Turudi kwenye uzio, tuchukue mfano wa kubuni wenye vipimo vya kawaida. Shamba la kwanza ni la ekari 4 na hupoteza magunia 20 ya mahindi kwa msimu ndovu wakiingia. La pili ni la nusu ekari na hupoteza magunia 3 kati ya 4 linayozaa. Ukiiambia kompyuta iokoe magunia mengi iwezekanavyo, itakwenda kwa mwenye ekari 4. Mtu anaweza kusema tuwe waangalifu, tuhesabu magunia kwa kila mzinga unaotumika, kwa kuwa shamba dogo linahitaji mizinga michache. Hapo jiometria inaingilia kati. Ekari 4 za mraba zina mzingo wa mita 509 hivi, sawa na vituo 51 vya kuning'iniza mizinga, wakati nusu ekari ina mzingo wa mita 180, sawa na vituo 18. Kwa kila kituo, shamba kubwa linaokoa takriban asilimia 39 ya gunia, dogo asilimia 17. Eneo likiongezeka mara nane, mzingo hauongezeki hata mara tatu. Kwa hiyo mkulima mkubwa anapendelewa na hesabu yenyewe, bila hongo wala ukoo, na upendeleo huo unajificha vizuri kwa sababu unaitwa ufanisi. Badilisha lengo, useme tupunguze sehemu kubwa kabisa ya chakula ambayo kaya yoyote inapoteza, na papo hapo shamba la nusu ekari linapanda juu ya orodha, maana mwenyewe anapoteza robo tatu ya kila alichonacho. Nyuki ni walewale na ndovu ni walewale. Kilichobadilika ni sentensi moja iliyoandikwa juu ya ukurasa.

Mzingo huohuo unaonyesha pia kwa nini inafaa kuhesabu badala ya kukisia. Mashamba manne ya ekari moja moja, kila moja na uzio wake, yanahitaji mita 1,018 za uzio. Yakipakana na kuungana kuwa mraba mmoja, yanahitaji mita 509, nusu kamili. Mizinga inayobaki inatosha kuzungushia mashamba mengine manne yaliyoungana. Faida ya namna hii haionekani ukimtazama mkulima mmoja mmoja, inaonekana kwa anayetazama kijiji kizima. Lakini sharti la kibinadamu linakuja nayo: nani atakagua mizinga ya upande wa mbali, nani atavuna asali, na waya ukikatika karibu na shamba la jirani asiyelima msimu huo, nani atautengeneza? Uzio una nguvu sawa na sehemu yake iliyo dhaifu. Kompyuta inaweza kupanga makundi elfu ya majirani kwa dakika moja, lakini haijui ni majirani gani hawasalimiani. Jambo hilo linapaswa kuandikwa kama sharti tangu mwanzo, kwa uzito uleule wa bei ya waya.

Halafu kuna jambo linaloyafunga mashamba yote pamoja hata yasipopakana. Ndovu aliyerudishwa hapa hapotei. Anatembea pembeni, anaweza kuingia kwa jirani. Thamani ya uzio wa shamba moja inategemea nani mwingine ana uzio, na kwa hiyo kuchagua shamba lililo bora, kisha linalofuata kwa ubora, kisha linalofuata, kunaweza kuzaa mpango mbovu wa kijiji kizima, unaowasukuma wanyama wote kwenye pengo moja. Hapo ndipo algoriti zinazojaribu michanganyiko mizima zinapoizidi orodha ya kawaida ya vipaumbele. Wingi wa wanyama nao si mdogo: sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu ndovu 14,964 katika eneo la Tsavo, kati ya 36,280 wa Kenya nzima, na takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga mbili za Tsavo. Mpaka kati ya watu 340,671 waliohesabiwa katika kaunti hiyo mwaka 2019 na wanyama hao ni mrefu kuliko fedha zozote za uzio.

Pingamizi la kwanza linastahili kujibiwa hapa. Ndovu si mahindi wala mawe, watu watasema, ana akili. Ukipanga mizinga leo, kesho atakuwa amejifunza. Ni kweli, na ukweli huo unaligeuza tatizo kutoka hesabu ya kupanga vitu kuwa hesabu ya mchezo, ambamo kila mpango wako unajibiwa na upande wa pili. Uzoefu wa karibu tunao Afrika Mashariki. Milind Tambe na wenzake, waliokuwa wametengeneza programu ya kupanga vizuizi vya polisi katika uwanja wa ndege wa Los Angeles mwaka 2007 kwa namna isiyotabirika, walihamishia wazo hilo kwa wawindaji haramu. Mfumo wao uitwao PAWS ulijaribiwa Uganda, na ukatumia rekodi za miaka mingi za doria za Mbuga ya Malkia Elizabeth. Lengo halikuwa kutafuta njia moja bora ya askari, kwa kuwa njia moja ikishajulikana inakuwa njia ya mwindaji kukwepa. Kilichotafutwa ni mchanganyiko wa njia wenye bahati nasibu ndani yake, uliokadiriwa ili popote mwindaji atakapochagua, hatari ya kukamatwa ibaki. Wazo hilo linafaa kwa ndovu pia: kuhamisha baadhi ya mizinga, kubadili doria za usiku, kutoacha pengo lilelile kila msimu.

Lakini kazi ya Uganda imetufundisha pia hatari iliyojificha kwenye rekodi. Askari huandika mitego waliyoiona, na wanaiona pale tu walipokwenda. Eneo lisilotembelewa linaonekana safi kwenye kompyuta. Algoriti ikifunzwa kwa rekodi hizo bila tahadhari itawarudisha askari kulekule walikozoea, wakutane na mitego zaidi, rekodi zikue upande mmoja, na upande wa pili uzidi kuwa kimya. Sagalla nako ni vivyo hivyo. Shamba lililo karibu na barabara linafikiwa upesi na afisa, uharibifu wake unaandikwa. La mbali, mwenyewe ameshakata tamaa ya kuripoti. Kimya chake kikisomwa kama amani, atakosa uzio kwa sababu alichoka kulalamika. Dawa inajulikana: sehemu ya mizinga, tuseme mmoja kwa kila kumi, ipelekwe makusudi mahali ambapo rekodi hazisemi kitu, ili tujue. Anayefuata faida ya msimu huu pekee ataona huo ni upotevu, lakini mwakani hatakuwa na kitu kipya cha kujifunzia.

Pingamizi la pili husemwa kwa upole zaidi: wazee wanazijua njia za ndovu, kompyuta ya nini? Naliheshimu, na sehemu yake naikubali bila masharti. Maarifa ya njia, ya miti inayochanua kwanza, ya bonde linaloshikilia maji hadi lini, hayamo kwenye picha za setilaiti kwa undani huo. Mpango unaoanza bila maarifa hayo unaanza gizani. Ila kujua kila njia ni kitu kimoja, na kupima michanganyiko trilioni elfu nne ni kitu kingine. Hakuna mzee, profesa wala ofisa wa mbuga anayeweza kazi hiyo ya pili kichwani. Mashine haishindani na mzee kwa maarifa, inabeba upande wa mzigo ambao binadamu yeyote angeuangusha. Wanaokosea ni wale wanaompa mzee nafasi ya kuthibitisha mpango mwishoni, baada ya kila kitu kuamuliwa, badala ya kumweka mwanzoni, pale masharti yanapoandikwa.

Tofauti kati ya mwanzoni na mwishoni inaonekana wazi kwenye reli. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, inapita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi juu ya tuta refu, sambamba na reli ya zamani na barabara kuu. Kuchagua mapito ya reli ni tatizo la uboreshaji la tangu zamani: urefu, miinuko, madaraja, fidia ya ardhi, muda wa ujenzi. Wanyama walitengewa mapito sita ya chini kwa chini katika eneo la Tsavo, na huo ni uamuzi unaostahili sifa. Lakini ujenzi ulianza mwishoni mwa 2014, na ndovu kumi walivishwa kola za kufuatilia mwenendo wao kuhusiana na reli hiyo Machi 2016, udongo ukiwa umeshapangwa. Kilichopatikana kutoka kwa kola hizo ni cha thamani kubwa, lakini kilikuja kama tathmini ya jibu badala ya kuwa sehemu ya swali. Kuongeza sharti kwenye karatasi hakugharimu chochote ila muda wa kufikiri. Kuliongeza kwenye tuta la udongo kunahitaji tingatinga. Nadhani hili ndilo fundisho la vitendo kubwa kuliko yote ambayo uboreshaji unaweza kuwapa wahandisi wetu, na halihitaji algoriti yoyote ngumu.

Maji yanasimulia jambo lilelile kwa uchungu zaidi. Chemchemi za Mzima ziko Tsavo Magharibi, na tangu miaka ya 1950 bomba la takriban kilomita 220 hubeba maji yake hadi Mombasa, likipita katika ardhi kavu ya kaunti hii. Malalamiko ya watu wa Taita Taveta kuhusu maji yanayopita mlangoni na kufika mbali ni ya miaka mingi na yanajulikana na kila mwanasiasa. Ukimpa mtaalamu bomba hilo na kumwambia apunguze gharama kwa kila mita ya ujazo, hesabu yake itapendelea mji mkubwa wenye wateja wengi walio karibu karibu, kwa sababu ileile iliyompendelea mwenye ekari 4. Ukimwambia kwanza kila makazi yaliyo kando ya bomba yapate kiwango fulani kwa siku, na baada ya hapo ndipo apunguze gharama, atapata jibu lingine, na atakuonyesha kwa shilingi tofauti ya majibu hayo mawili. Tofauti hiyo ndiyo bei ya haki, na ni afadhali ijulikane. Mara nyingi huwa ndogo kuliko wanavyodhani wanaoikataa, mara nyingine kubwa kuliko wanavyodhani wanaoidai. Bila kuhesabu, pande zote mbili zinabaki kupiga kelele.

Kuna wanaosema kwamba shida ya Ndara ni fedha, si hesabu, na kwamba kuzungumza algoriti mahali ambapo fidia inachelewa ni kumpa mwenye njaa kitabu. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ilipanga fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama na milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Kwa familia iliyofiwa, ucheleweshaji ni jeraha la pili. Nakubali kabisa kwamba hakuna algoriti itakayoijaza hazina. Lakini hoja hii ikifuatwa hadi mwisho inajigeukia. Mwenye mizinga elfu kumi anaweza kuitundika ovyo na bado akafanikiwa. Mwenye mizinga mia mbili hana nafasi ya kukosea hata mara moja. Uhaba ndio unaofanya mpangilio uwe na thamani. Isitoshe, hesabu za uboreshaji zina tunda moja linalosahaulika: zinaweza kusema mzinga mmoja wa ziada, au siku moja ya ziada ya doria, ungeokoa kiasi gani cha chakula. Mkulima anayesimama mbele ya kamati ya bajeti ya kaunti na nambari hiyo mkononi ana hoja nzito kuliko anayesimama na kilio pekee, ingawa kilio chake nacho ni cha kweli. Wala gharama ya hesabu si kubwa. Tatizo la mashamba 60 linaingia kwenye kompyuta ndogo ya mkononi, na programu za kulitatua zinapatikana bure.

Pingamizi linalonipa wasiwasi wa kweli ni la uwajibikaji. Ofisa aliyezoea kusema "agizo limetoka juu" anaweza kesho kusema "kompyuta imesema", na mkulima aliyenyimwa akabaki hana wa kumuuliza. Sioni kinga nyingine ila kuukataa utaratibu wa jibu moja. Malengo yakiwa mawili au matatu, tuseme kuokoa chakula kingi, kupunguza hasara ya kaya iliyoumia zaidi, na kupunguza usiku ambao watu wanakesha shambani wakipiga mabati, kwa kawaida hakuna mpango ulio bora kwa yote. Kuna kundi la mipango ambayo hakuna unaoweza kuboreshwa upande mmoja bila kupungua upande mwingine, wazo linalobeba jina la Mwitalia Vilfredo Pareto. Kazi halali ya mashine ni kuondoa maelfu ya mipango ambayo inazidiwa kila upande, na kuleta mbele ya baraza michache iliyobaki, kila mmoja na gharama zake zimeandikwa wazi kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Kuchagua kati ya hiyo michache ni siasa, kwa maana nzuri ya neno hilo, na kunapaswa kubaki kwa watu wanaoweza kuulizwa na kuondolewa. Lengo lililoandikwa na mtaalamu peke yake ofisini, hata akiwa mtu mwema, halina idhini hiyo.

Ukiniuliza nianze na tatizo gani kati ya haya yote, ningechagua uzio wa mizinga pamoja na ukame, kwa kuwa hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu na faida inapokuwa karibu. Nyuki ni viumbe wenye mahitaji yao. Ukame wa 2017 ulipunguza sana mizinga iliyokuwa na nyuki huko Sagalla na mavuno ya asali, na kupona kulichukua miaka. Mzinga mtupu ni ubao tu, na ndovu hachelewi kuligundua hilo. Ukame huohuo unaowafukuza nyuki unawasukuma ndovu watoke mbugani kutafuta chakula. Kati ya Februari na Oktoba 2022 serikali ilitangaza vifo vya ndovu 205 nchini kutokana na ukame. Ulinzi unadhoofika wakati uleule ambao shambulio linakaza. Mpango uliosakwa kwa ajili ya mwaka wa wastani utavunjika mwaka unaohitajika zaidi. Kwa hiyo lengo linapaswa kuandikwa juu ya mwaka mbaya: mizinga iwekwe wapi, maji ya nyuki yawekwe wapi, miti gani ya maua ipandwe kandokando, ili hata mvua zikikosa, idadi fulani ya mizinga ibaki na nyuki upande ule ambao ndovu hupenda kuingilia. Kila jaribio linagharimu msimu mzima, na misimu ya kilimo ni miwili kwa mwaka. Hatuwezi kujaribu mara elfu kama wachezaji wa drafti wa kompyuta. Kwa bahati nzuri lipo tawi zima la uboreshaji, ambalo Jonas Mockus alilikuza katika miaka ya 1970, linaloshughulika na majaribio ghali na machache: baada ya kila jaribio linakadiria ni lipi linalofuata litakalofundisha zaidi.

Vifaa vya kuanzia ni vyepesi kuliko maneno haya yote. Kwa kila shamba ziandikwe tarehe ambazo ndovu walifika, upande waliotokea, walirudi au walipenya, na mizinga mingapi ilikuwa na nyuki siku hiyo. Usiku ambao hawakufika nao uandikwe, kwa kuwa kimya kilichoandikwa ni tofauti na kimya cha kutoandika. Mvua za vuli huanza Oktoba au Novemba, na mahindi yanapoanza kukomaa baada ya Krismasi harufu yake inavuka mpaka wa mbuga bila kibali. Daftari likifunguliwa kabla ya mbegu kuingia ardhini, msimu huo mmoja unatosha kutoa mpango wa kwanza wa kujadiliwa barazani.